Piko Isiyofutika

Mkono wangu huu umechora maharusi wa Langoni
tangu Mwanaesha mpaka binti wa Mwanaesha.
Najua umri wa rangi:
hina hukaa wiki mbili, piko siku kumi,
kisha maji ya vyombo huila.

Basi lile doa la kisiginoni
nililidhani tone la piko lililonidondoka kazini.
Nikalisugua kwa jiwe. Kwa ndimu.
Ramadhani ikaja, ikaenda,
bibi harusi akafifia miguu, akachukua mimba;
doa likakaa, likatanua ukingo
kama wino kwenye karatasi iliyolowa.

Daktari Nyevu alinibonyeza kinena
akisikiliza kwa vidole.
Hakuna mtoki. Hakuna uvimbe. Hakuna uchungu.
Nikahimidi, nikaanza kushuka kitandani.
Akanishika bega:
"Kidole hakioni kila kitu, Bi Tima."

Akanieleza kwa lugha ya kazi yangu.
Watatia rangi ya buluu kando ya doa,
nayo itashika njia ile ile
ambayo ugonjwa, kama umetoka, umetoka nayo.
Tezi ya kwanza kuchovywa, hiyo ndiyo bawabu.
Bawabu ndiye wa kuhojiwa.
Kama mgeni hakupita kwake,
huenda hajaingia nyumbani.

Nilicheka. Miaka thelathini natia rangi ngozi za watu,
leo nachorwa kwa ndani,
ua lisiloonwa na mume wala shoga.

Huko Mombasa wakaitoa, ndogo kuliko kunazi,
wakaikata nyembamba, nyembamba, kwa ajili ya hadubini.
Nikarudi Lamu na kisigino kilichofungwa,
nyuzi saba kinenani,
na mkojo wa kibuluu uliomtisha mjukuu wangu
akaapa bibi kanywa rangi ya madirisha.

Leo siku ya kumi na moja.
Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu.
Nimezikung'uta kanga zote.
Changu, kama kipo, hakivai nguo.

Simu imelia mara mbili.
Ya kwanza, watu wa Mkomani: wana harusi Ijumaa,
wanataka maua mpaka magotini.
Ya pili nimeiacha iite kidogo.
Nauchora mguu wangu ule mzima,
napandisha mstari mmoja kutoka kisigino
na kwenye kifundo nasimamisha mkono.

Hapa, nauambia.
Usipite.