Pingili Tatu

Tangu masika saa ya mama imeota miguu.
Akiinua kikombe, inateremka hadi karibu na kisugudi;
akishusha mkono, inarudi kugonga mfupa,
kah, kah, kama mgeni asiyejua kubisha hodi.
Sukari imemla mkono. Saa haikuambiwa.

Nikasema niipeleke kwa fundi Shechambo,
kona ya barabara ya nane, elfu tatu tu.
Akasema: elfu tatu kwa kuchomoa pini?
Mimi nimetoa nyuzi za mshono watu wazima wakilia,
nimetoa kokwa ya ubuyu puani mwa mtoto wa Chumbageni.
Lete sindano ya magunia.

Basi tukakaa uani, yeye kwenye kigoda, mimi chini,
na katikati yetu mbuzi ya nazi,
kwa sababu ule ufa wa kibao chake
huushika mkanda wa saa ukasimama wima
na pini ikapata pa kudondokea.
Hilo sikulijua. Alilijua yeye.

Kwa ndani, kwenye chuma kinachogusa ngozi,
kuna vishale vidogo, vimezibwa na miaka thelathini:
jasho la Bombo, wodi ya wazazi, zamu za usiku,
poda, sabuni ya mche.
Nikavisugua kwa mswaki mkuukuu, vikajitokeza,
vyote vikielekea upande mmoja
kama wanafunzi walioamriwa kugeuka nyuma.

"Fuata mshale. Ukipiga kinyume utaipinda."
Nikapiga kwa mchi wa iliki. Haikutikisika.
Nikapiga tena, nikajipiga kidole.
"Polepole. Mtoto hatolewi kwa hasira."
Mara ya tano, tik, pini ikachungulia,
nyembamba kuliko mwiba wa dagaa,
nikaivuta kwa koleo la baiskeli.

Pingili ya kwanza. Ya pili, upande wa pili,
ili bizimu ibaki katikati ya mkono.
Akavaa. Bado inacheza.
Ya tatu ndiyo iliyotugombanisha.
Nikasema tuiache, na joto hili la Tanga,
mkono huvimba.
Akanitazama.
"Mkono upi?"

Nikaitoa, upande wa chini, penye sita,
pale ambapo sisi husoma kumi na mbili.
Kwenye faili aliandika saa ya ofisi,
mdomoni akataja yetu,
na hakuna mtoto aliyezaliwa saa isiyo yake.

Wakati wa kurudishia, pini moja ikaruka.
Tulimulika kwa simu, tukafagia, tukakung'uta mkeka,
tukamtazama kwa shaka jogoo wa Mama Mwanaidi.
Mama alipoingia ndani kujichoma sindano yake
nikakata pini ya ofisi, nikaichomeka,
nikaziba ncha kwa tone la rangi ya kucha.
Sijamwambia.

Akarudi, akavaa, akafunga bizimu.
Mkono juu, mkono chini. Saa ikatulia.
Kisha, bila kuomba, akanishika kifundo
kwa vidole viwili, macho kwenye mshale wa sekunde,
midomo ikihesabu.
"Tisini na mbili. Umeficha nini?"

Zile pingili akazitia kwenye bahasha ya vidonge,
ile ndogo ya kaki inayotolewa dirishani.
Penye *jina la mgonjwa* akaandika: Saa.
Penye *mara ngapi kwa siku* akafikiri sana,
akalamba kalamu kama afanyavyo,
akaandika: Nikinenepa.

Imo kwenye droo ya cherehani,
chini ya vifungo visivyo na mashati.
Droo ile haifungi vizuri.
Nikipita usiku naisukuma kwa goti.