Bwawa Chini ya Maegesho

Jumamosi, onyesho la saa kumi,
mjukuu wangu Dontrell akanikatia tiketi na bisi za siagi.
"Bibi, hii lazima uione," akasema. "Inatuhusu."
Nikavaa sweta, maana sinema za Alabama
hupuliza baridi kama zinahifadhi maiti.

Filamu yenyewe nzuri. Sitakuwa mchoyo wa sifa.
Magari ya zamani yameng'arishwa, nguo zimenyooka pasi,
hata jasho la watu limewekwa mahali pake.
Kuna bwawa la kuogelea la manispaa, kuna uzio,
kuna mvulana mweusi ameshika waya kwa vidole vyote kumi,
na kuna mke wa jaji, Mzungu, mwenye moyo mzito kuamka.
Saa moja na nusu tunamtazama akihangaika na dhamiri yake:
halali, anavunja sahani, ananuniana na mumewe.
Kisha anaiba ufunguo, anafungua lango,
anaingia majini na gauni lake
na kumnyooshea mtoto mkono.
Vinanda. Jua. Matone yanapaa polepole kama lulu.
Ukumbi mzima ukapenga kamasi.

Mimi nilikuwa nahesabu.
Mvulana alisema maneno ishirini na sita.
Mara nne alisema, "Ahsante, mama."
Mama yake mwenyewe sikumsikia jina.
Hatukuoneshwa anakolala mtoto yule,
wala kama anayaogopa maji.

Taa zikawaka. Maribeth Tolliver,
tuliyestaafu naye posta mwaka mmoja,
akanishika mkono, uso umelowa.
"Ernestine, Mungu ashukuriwe, tumetoka mbali."
Nikampa leso. Mtu anayelia
humwambii kwamba amekosea matanga.

Nje lami ilikuwa inafuka joto.
Dontrell anatafuta gari, anabonyeza ufunguo ili lilie.
Nikamwambia, "Simama hapo hapo.
Unajua umekanyaga nini?"

Hapa palikuwa na bwawa.
Vigae vya kijani, ubao wa kurukia, kibanda cha aiskrimu.
Mwaka wa sitini na moja, mahakama iliposema tuingie sote,
hakuna mke wa jaji aliyeiba ufunguo.
Yalikuja malori.
Siku tatu yalimwaga udongo mwekundu,
wala maji hawakuyatoa kwanza,
tukawa tunasikia bwawa likibwabwaja kama mtu anayezibwa mdomo.
Waliona heri wakose na watoto wao
kuliko wetu wapate.

Julai ile joto halikuwa na huruma.
Kaka yangu Cleophus, miaka kumi na miwili,
akaenda kuogelea kwenye shimo la machimbo
nyuma ya kiwanda cha matofali.
Viatu vyake alivipanga ukingoni, soksi ndani,
kama mtu anayerudi.

Na aliyemuua hana sura ya kuigizwa.
Kilikuwa kikao cha Jumanne,
muhuri, chai,
na bei ya udongo kwa lori.

Kwa hiyo ukiniuliza kama filamu ile imesema kweli,
nitakwambia imesema habari za lango.
Udongo haikuugusa.

Dontrell hakujibu. Gari lililia mahali fulani, akaliacha lilie.
Kisha akauliza, kijana wa miaka ishirini na tatu
aliyekulia jikoni kwangu:
"Yule mvulana kwenye picha juu ya friji…
ndiye yeye?"

Hajawahi kuniuliza. Wala mimi sijawahi kumwambia.
Na sasa nimeduwaa, maana swali lile
limetoka kwenye filamu ileile niliyokuwa naitukana moyoni,
na mlango ulioligonga
nimeuegemea kwa mgongo miaka sitini.

Tukakaa kwenye ukingo wa saruji,
mstari wa pili, nafasi ya kumi na nne,
bisi zilizobaki katikati yetu.
Kwa kukadiria kwangu,
ni upande wa kina kirefu.
Nikaanza na viatu.