Kisima cha Pili

Mirija minne imefika saa nne asubuhi,
bado na joto la kiganja cha muuguzi.
Helju Raudsepp, miaka sabini na tisa.
Baridi yabisi imempinda vidole;
daktari anataka kumpa dawa ya kulegeza kinga,
na kabla hujalegeza kamba
ujue kwanza imemfunga nani.

Umewahi kuugua kifua kikuu? Hapana.
Umewahi kuishi na aliyeugua? Hapana.
Hapana mbili kwa wino wa buluu,
herufi zimesimama wima
kama mtu anayehojiwa.

Nje, Tartu yote iko chini ya theluji.
Namimina damu juu ya kimiminika kizito,
ubavuni mwa mrija, tone kwa tone, visichanganyike.
(Priit, mwanafunzi wangu, humimina kama chai.)
Mashine inazungusha, inanguruma, inatua.
Nyekundu imezama, manjano imeelea,
na katikati ukungu mwembamba,
mweupe kama pumzi kwenye kioo:
humo ndimo wakaamo wenye kukumbuka.

Laki mbili na nusu kwa kila kisima.
Kisima cha kwanza hakipewi kitu. Kimya chake ndicho kipimo.
Cha mwisho hupewa kichocheo cha kumzindua yeyote,
tujue tu kwamba wangali hai.
Viwili vya kati ndivyo swali:
vipande vya protini ya bakteria,
vile ambavyo chanjo ya utotoni haina,
zisije zikaitikia sindano
tukadhani zimeitikia ugonjwa.

Sakafu imetandikwa kingamwili.
Seli ikimtambua adui wake wa zamani
hupiga ukelele,
na ukelele huo, nao ni protini,
hunaswa pale pale miguuni pake
kabla haujafika kwa jirani.
Kiatamizi, digrii thelathini na saba, usiku kucha.
Nikaenda nyumbani, nikala supu ya shayiri, nikalala.

Asubuhi tunaosha. Seli zote huenda na maji.
Mpiga kelele hayupo tena; kelele imebaki,
doa la buluu, dogo kuliko punje ya haradali.

Kisima cha kwanza: sifuri.
Cha pili: arobaini na moja.
Cha tatu: thelathini na nane.
Nikahesabu tena, nikasogeza darubini, nikahesabu tena.
“Lebo zimechanganyika,” akasema Priit.
Mwanafunzi siku zote hulaumu lebo.
Tukaomba damu nyingine.

Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema,
na kata yangu ni ya plastiki,
hutumika mara moja ikatupwa.

Alikuja mwenyewe Jumanne, koti zito, buti za manyoya.
Sikuwa na ruhusa ya kumuuliza chochote. Sikumuuliza.
Alitazama sindano ikiingia, akasema, kama anayeiambia sindano:

Kulikuwa na mtu nyuma ya nyasi kavu, ghalani kwetu, karibu na Võru.
Kaka yake mama. Evald.
Mwaka arobaini na tisa, nami nina miaka tisa.
Nilimpelekea maziwa na mkate.
Alikohoa ndani ya ngozi ya kondoo
ili askari wasimsikie.
Alinifundisha kusoma saa.
Mama akaniambia, hujamwona mtu.
Basi sikumwona mtu.

Muuguzi akabandika plasta.
Mimi nikaandika saa kwenye mrija: nne na dakika kumi.

Damu ya pili ilisema arobaini na tatu.
Barua ya daktari ina nafasi ya neno moja, *chanya*,
na chini yake ratiba ya vidonge vya miezi kadhaa.

Aliporudi kuichukua aliuliza kama arobaini na tatu ni nyingi.
Kwa kliniki, nikasema, hata kumi zingetosha.
Akaomba picha ya kisima.
Haturuhusiwi.
Nikamchapia.

Aliiangalia kwa muda, akaiinamisha kwenye mwanga,
kisha akaikunja mara mbili, ikawa ndogo,
akatazama mlango,
akaitia ndani ya glovu.