Gramu Mbili za Jina

Ukiingia karakana yangu hapa Pasua
inama, bawa linaning'inia mlangoni,
na kile kiti usikikalie. Kina gundi.

Meza hii ilikuwa mlango wa stoo ya shule.
Niliununua Kiboriloni, nikaulaza,
nikauwekea pimamaji mara tatu:
haujapinda hata unywele.
Ndege ikijengwa juu ya meza iliyopinda
nayo hupinda kimyakimya,
wala haikwambii mpaka iwe angani.

Wembe nabadilisha kila asubuhi.
Wapo wanaoutumia mpaka uchoke
wakajiona wamebana matumizi.
Wembe butu haukati mbao, unaitafuna,
na kidole ndicho kinacholipa chenji.

Pini ni za fundi cherehani, zenye vichwa vya rangi:
nyekundu kwa bawa la kushoto,
buluu kwa la kulia,
njano kwa mkia.
Za njano hupotea. Sijui kwa nini za njano tu.

Vibanio vya nguo, basi, tusivitaje kwa sauti.
Kila Jumamosi Aikande huhesabu kamba yake:
"Kumi na viwili. Vilikuwa kumi na vinane."
Nami natazama ubavu wa ndege
uliobanwa, gundi ikikauka,
nakohoa.

Msasa nimeugundisha kwenye kipande cha ubao,
mia mbili upande huu, mia nne upande ule.
Nyumba ikiungua, nikiambiwa niokoe kimoja,
nitaokoa huu.
Hapana. Pasi.
Pasi ndogo ya safari, ya mtumba,
waya wake umekufa mara mbili ukafufuka;
ndiyo inayokaza ngozi ya plastiki juu ya mbavu
mpaka ukiigonga kwa ukucha
inakujibu.

Mizani si yangu.
Ni ya Lembris, dalali wa mawe ya Mererani.
Mchana inapima tanzanaiti,
usiku ananiazima,
kwa sharti irudi kabla hajanywa chai.
Yeye huomba namba zipande, mimi huomba zishuke.
Mizani haimsikilizi yeyote kati yetu.

Juzi ilisema: gramu mbili zimezidi.
Nikapunguza mkia. Nikatoboa mbavu matundu.
Nikakwangua gundi iliyoganda kwenye maungio.
Bado mbili.
Ndipo nikaliona jina chini ya bawa,
herufi saba za rangi nzito ya mafuta
nilizoandika kwa brashi ya rangi ya kucha
siku niliyotaka kusamehewa jambo fulani.

Nikachukua msasa, upande wa mia mbili.
Nilikuwa nimeigusa A ya kwanza
alipotokea mlangoni na beseni la nguo mbichi.
Habari ya vibanio hakuigusa.

"Ng'oa magurudumu," akasema.
"Itatuaje?"
"Kwa tumbo. Kama bata."

Miaka ishirini ya michoro, rula ya chuma,
vitabu vilivyojaa hesabu za penseli,
na sikuwahi hata siku moja kumfikiria bata.

Saa kumi na mbili na nusu, uwanja wa shule,
kabla upepo haujaamka.
Ikapanda. Ikapita juu ya migomba ya jirani,
jina likasomeka kwa chini, A ikiwa na kovu,
ikageuka, ikashuka,
ikateleza kwenye umande
tumbo mbele, bila aibu.

Sasa nasafisha.
Sumaku ya spika iliyokufa nimeifunga kamba,
naiburuta sakafuni kama mbuzi mkaidi,
kwa sababu Elineema, mjukuu, hutembea peku.
Inaokota moja moja, tik, tik,
nyekundu, buluu, kipande cha wembe, nyekundu.
Ikapita karibu na kikapu cha Aikande cha kushonea
na kikapu kikatikisika.

Nikafunua kitambaa.
Za njano.
Nikazihesabu: sita.

Nikafunika.