Za Zege Ishirini na Nane

Za mwizi ni arobaini,
mtoto naye ana arobaini yake ya kutolewa nje.
Za zege ni ishirini na nane.
Nilijifunza hilo Yombo, ndoo mkononi,
kibarua wa kumwagilia nguzo asubuhi na jioni
kama mtu aleaye kichanga kisicholia.

Magunia niliyafunga mwenyewe.
Nguzo zikakaa ndani kama mwali,
jua halizioni.

Kila zege lilipomwagwa
Pazi alijaza vibati sita, akasawazisha kwa mwiko,
akanipa msumari:
"Andika tarehe, Kidawa. Mwandiko wako unasomeka."
Nikaandika, zege likiwa bado uji:
tarehe, namba ya nguzo,
na siku moja, kwa utundu tu, herufi ya jina langu.

Alhamisi alikuja msanifu, Bwana Nsajigwa,
na michoro mirefu kuliko kanga.
Alituonyesha hewa.
"Hapa sinki. Hapa kabati la kunyonya moshi wa tindikali.
Dirisha nimelisogeza, mwenye darubini
asipigwe na jua la saa tisa."
Sisi tuliona mbao, misumari, kunguru wawili.
Yeye alizizunguka meza ambazo hazipo
asijigonge.

Masika ikaingia. Mchanga ukanywa mvua usiku kucha
na asubuhi hakuna aliyekumbuka
kupunguza maji kwenye mikisa.
Nguzo ya kumi na moja, ghorofa ya pili,
ilitoka laini, inang'aa.
Sote tuliisifu.

Siku ya ishirini na nane vichemraba vikaenda kubanwa.
Injinia Gaudensia Mlowe akarudi na karatasi moja.
"Tulitaka ishirini na tano. Nimepata kumi na saba."
Hakupaza sauti.
Mkandarasi akasema itabeba tu,
akasema mvua, akasema bajeti, akasema Mungu,
akasema, kwani nani atajua?
Gaudensia akainua kipande kilichopasuka,
K yangu imekatika katikati.
"Huyu ameshajua."

Nyundo aliiomba Pazi.
"Nimeimwaga mimi. Asiiguse mwingine."
Siku tatu, tindo na nyundo,
mpaka nondo zikabaki wima kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.
Siku ya tatu macho yake yalikuwa mekundu.
Labda vumbi. Sikuuliza.
Chausiku wa chakula alimwekea nyama mbili
wala hakufungua daftari la madeni.

Tulipomwaga upya, Pazi aliuchota mchanga,
akaubana kiganjani, akafungua vidole, akautazama,
kisha akapunguza maji: ndoo moja na nusu.
Nikafunga magunia. Nikahesabu.
Nilihesabu hata Jumapili, kanisa la jirani likiimba,
nami ndoo yangu kichwani ikinidondokea shingoni.

Thelathini na moja, ilisema karatasi.
Pazi aliisoma mara mbili,
akaikunja ndogo, akaificha ndani ya kofia.
Keshoye alihamia kazi nyingine, Goba,
na kofia yake.

Sasa vijana wanapanda ngazi na makoti meupe.
Mimi nilibaki, nafagia korido ya ghorofa ya pili.
Mlango ukiwa wazi namsikia mwalimu wa kemia:
"Andikeni mlichokiona.
Sikuwaambia muandike mlichotaka kukiona."
Kuna anayecheka, kuna anayefuta.
Na dirishani, saa tisa,
jua linapita kando ya darubini
kama lilivyoagizwa.

Nikifika kwenye nguzo ya kumi na moja
nasimamisha fagio.
Wameipaka rangi ya maziwa, wamebandika ratiba ya mitihani.
Naigusa. Ni baridi, ni kavu.
Mkono wangu bado unatafuta gunia.