Kibandiko cha Mti Nambari Kumi na Saba

Verlene amenipa kalamu ya wino usiofutika
na kibandiko chenye mistari mitatu tu.
"Andika sifa," asema. "Wateja wa Jumamosi hawasomi mengi."

Naandika: *Hothoni. Mzawa wa hapa Missouri.*
Mmoja umekwisha.

Wa pili: *Maua meupe, Mei, vishada kwa vishada.*
Siandiki kwamba yananuka dagaa waliosahauliwa juani,
wala kwamba mpwa wake Verlene
aliyapamba mezani siku ya harusi yake
na kufikia keki yalikwisha tupwa uani, yeye na nzi wake.

Wa tatu: *Majani mekundu Oktoba. Matunda hadi Februari.*
Kalamu imegonga ukingo.

Gome limekosa nafasi:
kijivu cha fedha, labanduka magamba magamba,
na chini yake rangi ya chungwa,
mfano wa mzee mkali
aliyevaa shati la sikukuu ndani ya koti kuukuu.

Na miiba. Urefu wa kidole changu cha shahada.
"Miiba si sifa," asema Verlene, "usiitaje."
Lakini Aprili nilimwona ndege mdogo, kinyago cheusi machoni,
akitungika panzi watano kwenye tawi,
mmoja mmoja, kama mwenye bucha afunguapo asubuhi.
Akaruka zake. Siku ya mvua
akarudi kula akiba.
Kwake yeye, mwiba ndio ua.

Jana mama mmoja aliuliza: "Hamna usiochoma?"
Nikamwonyesha mpeasi wa kigeni, laini, mviringo,
mkakasi wa kupendeza.
Sikumwambia kwamba barafu ikiulemea
hupasuka katikati kama mkate.
Aliulipia. Tukaufunga kamba kwenye gari lake.

Usiku wa ile barafu kubwa, umeme ukiwa umekatika,
mipeasi ya barabarani ililia hadi alfajiri.
Hothoni ya langoni, aliyoipanda marehemu Harlan,
iliinama, ikakaa.
Asubuhi kila tunda lilikuwa ndani ya kioo chake,
na Verlene, kwa gauni la kulalia na buti za mumewe,
alisimama chini yake bila glavu,
hasemi neno,
damu kidogo gumbani.

Nageuza kibandiko.
Nyuma hakuna mistari.
Naandika kwa herufi ndogo:
*Unachoma. Ukiupanda, shika shina.*