Sekunde Arobaini na Moja

Walipokuja kutoka Unguja na kile kisanduku,
cheusi, hakizidi bati la biskuti,
Nassir alikiweka mezani, akakifuta kwa mkono wa shati,
akasema: "Sasa hapa hapahitajiki mtu."
Kisha akanitazama, akacheka kidogo:
"Wewe mlinzi utabaki. Kisanduku nacho huibiwa."

Nikabaki.
Bi Zuleikha akachukua kikombe chake,
kanga ya kujifunikia baridi ya studio,
na chupa ya dawa ya kifua iliyokaa nyuma ya kipaza sauti
tangu mwaka ule wa karafuu nyingi.

Tokea siku hiyo redio inajisemea.
Alfajiri inajiamsha, inaleta Kurani,
inataja saa kwa sauti ya mwanamke asiyemeza mate,
inapiga taarabu, inauza sabuni,
inatoa hali ya hewa: "Wete, jua."
Nami nimejikunyata barazani, maji ya vuli
yananiingia viatuni.
Umeme ukikatika, jenereta linajiwasha lenyewe.
Ukiacha hilo la jua, haikosei.
Nilikuwa naisubiri ikosee
kama mtu anavyosubiri mgeni.

Usiku napita na tochi.
Kiti kinazunguka kidogo kwa upepo wa feni.
Taa nyekundu ya HEWANI inakiwakia chumba kitupu.
Mie, yakhe, nimelinda ghala la karafuu miaka kumi na minne,
sijapata kuogopa gunia.

Jumatano, saa mbili na robo asubuhi, mlango ukagongwa.
Mize binti Kombo, wa Gando,
kanga kaivaa maneno yako juu chini,
mkononi karatasi ya daftari la mtoto.
"Baba katutoka. Tunazika laasiri.
Wanawe wawili wako Konde, mmoja Mkoani.
Dada yake yuko Mtambwe. Hana simu, ana redio."
Nikamwambia hakuna mtu.
"Na huyo anayesema?"
Nikamwambia huyo si mtu.
Akatega sikio. Humo ndani mwanamke asiyemeza mate
alikuwa akiwatakia wasikilizaji wote siku njema.
"Basi mwambie," akasema Mize. "Mwambie huyo huyo."

Nikampigia Nassir. Ijazwe fomu kwenye simu,
ilipiwe, isubiri saa ishirini na nne.
Maiti wa kwetu hasubiri saa ishirini na nne.

Kilikuwepo kitufe. Nilimwona Bi Zuleikha
akikibonyeza kwa kidole cha shahada, kila siku,
bila kukitazama.
Nikakaa. Kiti kikalia.
Nikabonyeza, na taarabu ikakatika katikati ya fidla
kama uzi unaokatwa kwa meno.

Kwanza nikakohoa.
Wallahi sikukusudia.
Baadaye waliniambia: sokoni, muuza samaki
kisu kikamsimama mkononi;
Limbani, mama mmoja akapiga kelele jikoni,
"Mna mtu!"
Kisha nikasoma. Nikaanza na Inna lillahi,
nikamtaja Kombo Makame Sheha, nikawataja wanawe,
nikakwama kwenye jina la dada wa Mtambwe,
mwandiko ulikuwa umeloa.
Mize akanitajia kutoka nyuma, likasikika na hilo,
sauti mbili, na mlango, na mvua ya Wete
juu ya bati la Wete.
Nikasahau kusema redio yenyewe inaitwaje.

Dada wa Mtambwe alifika kabla ya mchanga.

Mwisho wa mwezi ikaja ripoti, kisanduku kimeiandika chenyewe:
siku thelathini, hitilafu moja.
Jumatano, saa mbili na dakika arobaini,
sekunde arobaini na moja.
Sababu: sauti isiyotambulika.
Chini yake mstari, mhusika atie sahihi.

Mwandiko wangu si mzuri.
Niliandika jina langu, na la baba, na la babu,
polepole,
hata mstari ukaniishia.